Moja kwa Hamsini

Juu ya meza ya jikoni nimetandika karatasi ya miraba,
sentimita moja ni nusu mita,
na nyumba nzima ya Iisalmi imeenea
kati ya kikombe cha mama na bakuli la sukari.

Dohani naichora kwanza. Haina mjadala.
Babu aliporudi kutoka vitani alipewa kiwanja,
misumari ya kupima kwa mizani, na ramani ya kuchapwa,
ile ile waliyopewa majirani wote wa mtaa:
dohani katikati kama mtu aliyekaa chini,
vyumba vinne vimemzunguka, vinaota moto mgongoni mwake.
Ukitaka kumhamisha, hama wewe.

Vinavyobaki vinajadilika, ndivyo tunavyojidanganya.
Ilpo anataka jiko na sebule viwe kitu kimoja.
Anafuta ukuta kwa raba, anapuliza chembe.
Marketta anauchora tena.
Anafuta. Anauchora.
Karatasi imeanza kuota manyoya mahali pale.

"Ukuta huu una vimo vyetu," asema Marketta,
na kweli, ukivuta kabati utaviona:
penseli ya baba, tarehe, herufi ya kwanza ya jina.
Mimi nimeruka mwaka mmoja, mwaka wa surua.
Ilpo alisimamia vidole; alama yake imepinda kwa ujanja.

Nachukua tepu. Nje, upande wa kaskazini, mita nane na robo.
Ndani, chumba kwa chumba, nakuta saba na nusu.
Najumlisha upya. Sentimita sabini na tano
zimekwenda wapi?
Fundi Kettunen anacheka, anatoboa tundu chini ya dirisha,
na unga wa mbao unamwagika, mkavu, rangi ya mkate,
pamoja na kipande cha gazeti lenye tangazo la baiskeli.
"Ndizo hizo. Nyumba imevaa koti kwa ndani."
Huko juu unga umeshuka, umeacha pengo la shubiri:
kumbe ndiyo sababu kitanda changu cha utoto
kilikuwa na kona moja ya barafu.

Halafu choo. Lazima kiwe chini, na chumba cha kulala kando yake.
Nachora mlango wa sentimita tisini.
Hakuna anayeuliza kwa nini tisini.
Marketta anajishughulisha na kahawa
ambayo kila mtu ameshakunywa.

"Ubomoeni."

Ni mama, na kisu chake hakijaacha kumenya viazi.
"Miaka arobaini na mmoja nimepika nikiutazama ukuta huo,
yeye upande wa pili na redio yake, magongo ya barafuni,
anapiga kelele bao limeingia,
nami nisijue ni la nani.
Nilimwomba kidirisha tu, cha kupitishia sahani.
Akasema, mwaka ujao."

Ilpo ameiweka raba chini,
kama mtu aliyeshinda kesi asiyoifungua.
"Na vimo?" anauliza Marketta.
"Kateni ubao ule mmoja, achukue anayeutaka.
Urefu wenu naujua."

Kettunen anagonga, anasikiliza, anagonga.
Ukuta unabeba dari. Itahitajika boriti ya mita tatu na nusu,
na nguzo moja; sasa tuamue, nguzo ikae wapi?
Tunainamia karatasi, vichwa vinne,
kila mmoja na kalamu yake na sababu zake.

Mama anainuka, mkono umelowa maji ya viazi,
anapitisha kidole gumba katikati yetu na kukandamiza:
"Hapa. Ya kuegemea."

Doa linakauka, jeupe kwenye kingo.
Nalizungushia penseli.
Kwa kipimo chetu gumba la mama lina upana wa mita nzima,
nguzo nene kuliko dohani.
Kettunen anasema hiyo ataipunguza.
Mama anasema ajaribu.